Panya wa Kadi Nyekundu

Kila asubuhi Kadija aliamshwa na sauti ya maji uani. Sauti hiyo ilimwambia kwamba shangazi yake, Hadijah, anaoga, na kwamba si muda mrefu ataitwa akawashe sigiri, jiko lao la makaa. Shangazi alioga kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, isiyonuka maua wala ndimu. Akishamaliza alivaa gauni lake la kijivu, akajifunga ushungi, basi. Hakujipaka mafuta wala hakujifukiza udi. Katika ukoo wao wa Wanubi, ambako mwanamke akipita njiani harufu yake nzuri hubaki nyuma ikisalimia watu, Shangazi Hadijah alikuwa hanuki chochote.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili huko Nkoma, mjini Mbale. Waliishi watatu: Shangazi, Kadija aliyekuwa darasa la sita, na Nasur, babake Kadija. Mama na wadogo zake walibaki Jinja, mtaa wa Nalufenya, nyumbani kwa bibi. Kadija alikuja Mbale kumtazama baba yake kila alipotoka shule, kwa kuwa Shangazi alishinda kazini na baba hakuweza kuachwa peke yake kutwa nzima.

Nasur alikuwa dereva wa lori. Vita vya upande wa Teso vilipotulia, watu walirudi mashambani kwao wakakuta mazizi matupu. Ng'ombe wote walikuwa wameporwa. Mashirika ya misaada yakawa yananunua ng'ombe Busoga na kuwapeleka huko ili watu waanze kulima tena. Nasur alibeba ng'ombe hao safari baada ya safari, na aliipenda kazi ile. Alizoea kusema kwamba babu yake aliingia nchi hii kutoka Sudani na bunduki ya askari, baba yake akafukuzwa nchini kwa sababu ya bunduki, na yeye, alhamdulillahi, anaingia vijijini na ng'ombe.

Kumbe baadhi ya ng'ombe wale, wanene na wenye macho maangavu, walikuwa na vimelea vya malale, ugonjwa wa usingizi, ndani ya damu. Mbung'o akimnyonya ng'ombe kisha akimnyonya mtu, mtu huyo huugua. Nasur alianza kwa homa na kichwa kuuma. Baadaye akawa analala mchana na kutangatanga usiku, akimfokea mkewe kwa mambo ambayo hayakutokea. Majirani walisema ni majini. Alipofikishwa hospitali ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani, na kwa ugonjwa uliofika huko ilikuwapo dawa moja tu, dawa kali yenye sumu ndani yake. Ilipita katika mshipa wa mkono kama moto. Kadija aliambiwa asubiri nje, lakini ukuta haukuwa mnene.

Dawa ilimwokoa. Hata hivyo, madaktari walisema lazima apimwe mara kwa mara kwa miaka miwili, maana malale yanaweza kurudi. Tangu siku ile Nasur alishinda kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, blanketi magotini hata jua likiwaka. Hakuwa mtu wa maneno mengi tena. Jambo moja alilisema wazi, mara moja tu, na nyumba nzima ikalikumbuka.

"Malale yakirudi, yanichukue," alisema. "Sindano ile siirudii."

Ndiyo maana kazi ya Shangazi haikuwa kazi tu katika nyumba ile. Shangazi alitunza panya weupe katika maabara ndogo chini ya mlima Wanale, ambako watafiti walikuwa wakitafuta dawa ya malale isiyochoma. Kila jioni, Shangazi alipovua viatu mlangoni, Nasur aligeuza uso kutoka dirishani na kuuliza, "Panya wako wanaendeleaje?" Shangazi, hata awe amechoka vipi, alikaa akamjibu kwa kirefu, kana kwamba anaulizwa habari za jamaa wa mbali.

Kadija naye alikuwa na kazi yake. Kila Jumamosi alikwenda kwa maseremala kuomba maranda, yale mabaki membamba yanayoporomoka mbao zikipigwa randa, kwa sababu panya hulalia maranda. Aliyachekecha, akayaanika, akayatia katika magunia. Shangazi aliingiza pua katika kila gunia kabla ya kulikubali. Maranda ya mti wenye harufu aliyarudisha bila kujadiliana. Kadija alichukia kurudishwa. Alidhani ni ukali wa mtu aliyechoka.

Siku moja, wakichekecha pamoja, Shangazi alimweleza kwa nini panya wale walikuwa na thamani. Alisema mwili wa kila kiumbe hujengwa kwa maagizo yaliyomo ndani yake, nayo maagizo hayo huitwa vinasaba. Panya wa kawaida akipata malale hufa upesi, kabla ugonjwa haujapanda kichwani, kwa hiyo hawezi kuonyesha kama dawa mpya inafika kichwani au haifiki. Basi wataalamu wa nje wamechukua kinasaba kimoja cha binadamu, kimoja tu kati ya maelfu, wakakiingiza kwa panya. Panya hao ugonjwa huwashika polepole, kama unavyotushika sisi. Vizimba vyao vina kadi nyekundu. Wale wa kawaida wana kadi nyeupe, nao huwekwa karibu ili walinganishwe.

"Na wale wa kadi nyekundu ni panya, au ni watu kidogo?" Kadija aliuliza.

"Ni panya," Shangazi alijibu. "Wanakula kama panya na wananuka kama panya. Shika chekeche vizuri."

Jibu hilo lingetosha kama isingekuwa shule. Darasani kulikuwa na mvulana mmoja, Zubairi, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Kwa kuwa Kadija alizungumza Kiswahili cha nyumbani kwao bila kuona haya, na Kiswahili kwa watoto wengi wa pale kilikuwa lugha ya askari, Zubairi alimpigia saluti kila alipoingia. Sasa, habari za panya zilipomfikia, akapata la kuongeza.

"Jambo, afande," alisema mbele ya watu. "Ni kweli shangazi yako anabembeleza panya wenye mtu ndani? Wakilia, wanaita mama?"

Darasa lilicheka. Kadija alimjibu kwamba wale panya wana akili kuliko yeye kwa sababu wao hunyamaza wakishiba, na darasa likacheka tena, safari hii upande wake. Lililomwingia si mzaha wa Zubairi. Ni swali la rafiki yake Namukose, aliyemfuata wakati wa mapumziko na kumuuliza kwa sauti ya chini, bila dhihaka, kama mtu anayetaka kujua kweli. Namukose aliuliza panya hao wakizaa, watoto wao wanafanana na nani.

Tangu siku ile swali lilimkaa mwilini kama mwiba mdogo.

Mwezi huo binamu yake aliolewa Jinja. Shangazi alipewa ruhusa ya siku chache, jirani mmoja akakubali kumtazama Nasur, nao wakaenda Nalufenya. Nyumba ya bibi ilijaa wanawake. Bibi yao, Fatumah, ambaye wote walimwita Haboba kama Wanubi wanavyowaita bibi zao, alikuwa amekanda dilka, ule mchanganyiko wa kunukia unaosuguliwa mwilini hadi ngozi ing'ae. Haboba alikanda dilka kwa mikono yake hata katika miaka ya ukimbizini Sudani, wakati hawakuwa na nyumba wala chungu cha kupikia. Kwake yeye, harusi isiyo na dilka haijawa harusi. Alimketisha Kadija kwenye mkeka pamoja na wasichana wa bi harusi, akamsugua mikono, mabega na shingo, kisha akamfunika shuka juu ya chetezo cha udi hadi moshi ukamwingia katika nywele.

Kadija alijiona mtu mzima. Alipotazama upande wa pili aliona Shangazi amekaa nje kabisa, karibu na lango, mbali na moshi. Wanawake walimtania kwamba panya wamekuwa waume zake na kwamba wao wanapenda wake wasionukia. Shangazi alitabasamu kidogo, akaendelea kumenya vitunguu. Hakujieleza.

Waliporudi Mbale, Kadija alikuwa bado ananukia hata baada ya kuoga mara mbili. Shangazi alisimama mlangoni akamnusa kama anavyonusa magunia.

"Usiingie chumba cha panya mpaka harufu hiyo ikutoke," alisema. "Maranda utayaacha stoo."

Hakuongeza neno. Alikuwa amesafiri, macho yamemwingia ndani, na asubuhi yake alitakiwa kazini mapema kwa sababu panya wa kadi nyekundu walikuwa wamezaa kwa mara ya kwanza tangu waletwe Mbale. Kadija alikasirika kimoyomoyo. Aliona shangazi yake ananyimwa mazuri na anataka kila mtu anyimwe.

Siku iliyofuata, baada ya shule, alipeleka maranda maabara kama kawaida. Stoo ilikuwa upande wa nyuma, imeungana na chumba cha panya kwa mlango mmoja. Humo alimkuta Shangazi ameketi juu ya magunia, mgongo ukutani, kichwa kimeinama kifuani. Alikuwa amelala. Usingizi wenyewe ulikuwa mzito, wa mtu aliyebeba nyumba mgongoni muda mrefu bila kuitua. Kadija alisimama akimtazama. Koti jeupe lilikuwa limetundikwa msumarini. Mlango wa chumba cha panya ulikuwa haukufungwa kwa ufunguo.

Kadija alilivaa, akajiambia atatazama tu.

Ndani kulikuwa na joto na mwanga hafifu. Alipita vizimba vya kadi nyeupe bila kuvitazama; panya wa kawaida hawakumhusu. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya kadi nyekundu. Aliinua kifuniko cha kizimba cha kwanza, mama panya akakimbilia pembeni, naye Kadija akafukua kiota kwa kidole. Watoto walikuwa wamelundikana pamoja. Hawakuwa na manyoya. Walikuwa wekundu, laini, macho yamefumbwa, na mmoja alipojinyoosha alikunjua kiganja kidogo chenye vidole vinavyoonekana kimoja kimoja.

Vidole. Kadija alimchukua mtoto yule akamlaza katika kiganja chake kilichosuguliwa dilka, akamgeuza, akamtazama usoni. Kisha akafungua kizimba cha pili, na cha tatu, mpaka akapita rafu yote nyekundu, akiwashika mmoja mmoja, akiwarudisha mmoja mmoja kwa upole aliofikiri ni upole. Alipotoka Shangazi alikuwa bado amelala. Kadija alirudisha koti msumarini, akaenda zake nyumbani. Kesho yake alimwambia Namukose kwamba wana vidole kama watu. Namukose alikodoa macho.

Jioni hiyo Shangazi alichelewa. Aliporudi hakuvua viatu mlangoni. Aliingia navyo, akakaa. Nasur aliuliza swali lake la kila siku.

"Wamewaua watoto wao," alisema Shangazi. "Mama zao wenyewe. Wengine wamewala, wengine wamewatupa pembeni wakafa kwa baridi. Kadi nyekundu wote waliozaa. Kadi nyeupe wako salama, wananyonyesha kama kawaida."

Kadija alikuwa anakoroga uji. Mwiko ulisimama.

Shangazi aliendelea kwa sauti isiyo na nguvu. Daktari Mugweri, msimamizi wa maabara, alikuwa ametazama kizimba kwa kizimba. Chumba ni kimoja, chakula ni kimoja, maji ni yaleyale. Tofauti ni moja tu, kile kinasaba kilichoongezwa. Basi kimewaharibu, akasema daktari. Kimewaondolea mama hao moyo wa uzazi. Panya wasioweza kulea hawaendelezi ukoo, na bila ukoo hakuna majaribio. Ataandika taarifa kwa wenzake wa nje, na wiki ijayo panya wote wa kadi nyekundu watauawa, utafiti wa dawa ile usimame. Kuanza upya na panya wengine kutachukua miaka.

"Kuna aliyeingia?" Shangazi aliuliza, akimgeukia Kadija. Aliuliza bila shuku, kama mtu anayetafuta kitu mahali ambapo ameshatafuta. "Uliniletea maranda jana. Uliona mtu?"

"Sikuona mtu," alisema Kadija. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, na alilijua kuwa uongo.

Nasur alivuta blanketi, akageuza uso dirishani.

Siku zilizofuata ziliburuta miguu. Kadija aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Aliota viganja vidogo. Alijitetea kwamba labda daktari anajua, yeye ni daktari. Labda kweli kile kinasaba ndicho kilichofanya. Lakini aliwakumbuka wale wa kadi nyeupe, ambao hakuwagusa, na ambao watoto wao walikuwa wazima. Hesabu hiyo haikuhitaji daktari. Shuleni Zubairi alimpigia saluti, naye hakumjibu, hata Zubairi mwenyewe akaona si vizuri akaushusha mkono.

Kilichomvunja ni jambo dogo. Jioni moja Shangazi alirudi, akavua viatu mlangoni, akasimama akingoja. Nasur hakugeuza uso. Hakuuliza habari za panya. Shangazi alingoja kidogo zaidi, kisha akapita kimya akaenda kuangalia sufuria. Kadija aliona nyuma ya shingo ya baba yake, nyembamba, imeinamia dirisha, akaelewa kwamba swali lile lilikuwa ndicho kitu cha mwisho alichokuwa akikishika.

Asubuhi aliposikia maji uani hakungoja kuitwa. Alitoka akamkuta Shangazi ameshavaa, anajifunga ushungi. Alimwambia yote: usingizi wake juu ya magunia, koti, rafu nyekundu, viganja, dilka. Alisema kwa haraka ili asipate nafasi ya kurudi nyuma.

Shangazi hakumpiga wala hakupaza sauti. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia, ameshika ncha za ushungi.

"Uliwashika wote?" aliuliza.

"Wale wa nyekundu."

"Kwa mikono ile ya harusi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Panya haoni vizuri," alisema Shangazi. "Humjua mwanawe kwa pua. Ukimpaka mwanawe harufu ya kigeni, anaona kizimbani kuna mgeni, anaona hatari. Ndiyo maana mimi sinuki." Aliziachia ncha za ushungi. "Ilikuwa nikueleze. Nilikuwa nimechoka, nikakuamuru tu." Kisha akainuka, akaitua ndoo mahali pake. "Vaa viatu. Twende."

Njiani Kadija alimwomba Shangazi aseme yeye. Shangazi alikataa. Alisema atasema la kwake, na Kadija aseme la kwake.

Daktari Mugweri alikuwa mtu wa Busoga, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Yeye pia alionekana hakulala. Mezani mbele yake ilikuwapo taarifa aliyoiandika. Shangazi alitangulia. Alisema kwamba siku ile alilala kazini na mlango ulikuwa wazi. Alisema hivyo amesimama wima, kama askari anayeripoti. Kisha akarudi nyuma hatua moja, Kadija akabaki mbele peke yake.

Alieleza yote, mpaka dilka. Daktari hakumkemea. Alimuuliza maswali, moja baada ya jingine: aliingia saa ngapi, alianza na kizimba kipi, aliwahi kugusa hata mmoja wa kadi nyeupe, dilka ile imetengenezwa kwa vitu gani. Kadija alimtajia sandali, karafuu na mbegu za mahalabi, kama alivyomwona Haboba akivikanda.

Daktari alivua miwani, akasugua macho.

"Unajua hii inasema nini?" aliuliza, akigusa taarifa. "Inasema kinasaba kile huwafanya mama waue watoto. Ningeipeleka. Watu wenye shughuli zao wangeisoma wakaiamini, kwa sababu niliandika nilichokiona. Wangewaua panya wao na kutafuta njia nyingine. Nami ningekuwa nimesema uongo bila kujua kwamba nasema uongo."

"Kwa hiyo hutawaua, Daktari?" aliuliza Kadija.

"Sijasema hivyo. Jana niliamini kinasaba ndicho mkosaji kwa sababu sikuona mwingine. Leo nikiamini ni dilka kwa sababu wewe umeniambia, nitakuwa nimefanya kosa lilelile. Kuna mama wengine wa kadi nyekundu wenye mimba. Tutangoja wazae. Hakuna atakayewagusa. Wakilea, tutajua. Wasipolea, pia tutajua."

Aliikunja taarifa, akaitia mtotoni mwa meza. Halafu akasema yaliyobaki, na hayakuwa mepesi. Shangazi alipewa onyo la maandishi kwa kulala kazini. Mlango ungefungwa kwa ufunguo kuanzia siku hiyo. Kadija hakuruhusiwa kukanyaga maabara muhula mzima; maranda angeyaacha langoni kwa mlinzi. Shangazi aliitikia kila neno, ndiyo Daktari, ndiyo Daktari. Walipotoka nje alikuwa na sura ya mtu mzee kuliko alivyoingia.

Kadija alitaka kulia. Alimwambia Shangazi kwamba yeye ndiye aliyemponza.

"Wewe ulinidanganya," alisema Shangazi. "Kulala nililala mwenyewe. Usinibebee langu, nawe usiniachie lako."

Walianza kungoja. Nasur aliambiwa ukweli wote jioni ileile. Kadija alijua atamwona amekasirika, na alikuwa tayari. Baba yake alimtazama tu kwa muda, kana kwamba anamtafuta mtu aliyemjua zamani. Alimwambia asogee karibu. Alichukua mkono wake, akaunusa. Harufu ilikuwa imekwisha toka.

"Haboba wako akikusugua, harufu haitoki mpaka mwezi uandame," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akitania. Kisha akageuza uso dirishani, lakini mkono wake hakuuachia mara moja.

Mvua za kwanza zilinyesha. Namukose alileta mahindi mabichi kutoka shamba la mjomba wake huko Busiu, wakayachoma uani, na Kadija akamsahihishia alichokuwa amemwambia. Alimweleza kwamba kila mtoto wa panya ana vidole, wa kadi nyeupe na wa kadi nyekundu, hata wa panya wa jikoni kwao. Namukose alicheka hadi punje zikamtoka mdomoni. Kadija alishangaa jinsi jambo lililogharimu mengi lilivyokuwa dogo, na jinsi angelijua kwa kuuliza tu.

Jioni moja Shangazi alirudi amelowa chapachapa. Alivua viatu mlangoni. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, na Kadija alifikiri labda hakusikia vizuri baba yake alipogeuza uso na kufungua mdomo.

"Panya wako wanaendeleaje?"

"Wamezaa," alijibu Shangazi, akikamua ushungi. "Jana na juzi. Sikutaka kusema mapema." Akakaa kwenye mkeka kwa uzito wake wote. "Wananyonyesha, Nasur. Wa kadi nyekundu wote. Wamewafunika watoto kwa maranda mpaka hawaonekani."

Nasur aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Alisema basi naye atakwenda kupimwa, tarehe ikifika. Hakusema lolote juu ya sindano. Shangazi na Kadija hawakumwuliza.

Idi ilipofika walikwenda tena Nalufenya, wote watatu. Haboba aliwasha chetezo, akawaita wasichana mkekani, na moshi wa udi ukajaza ua. Kadija alisimama kizingitini. Harufu ile bado aliipenda kuliko kitu chochote. Hatimaye alimwamkia Haboba, akambusu mkono, akamwambia safari hii hatafukizwa. Alikwenda kukaa langoni pembeni ya Shangazi, ambaye alikuwa akimenya vitunguu.

Wanawake waliwatania wote wawili. Kadija aliokota kisu cha pili. Baada ya muda aliuliza kama dawa ile itawahi kumfaa baba, iwapo malale yatarudi.

Shangazi hakumdanganya. Alisema huenda isiwahi. Dawa huchukua miaka, pengine itamfaa mtu ambaye bado hajazaliwa, huko Teso au Busoga, ambaye hatajua jina la Nasur.

"Wale panya wengi watakufa kwa kazi hii," alisema kisha. "Mimi ndiye nawalisha na mimi ndiye nawazika. Hawakuombwa. Tunachochukua kwao ni kikubwa, kwa hiyo deni letu ni kusema kweli juu yao: waliishi vipi, waliugua vipi, walikufa kwa nini. Ukikosea, sema umekosea siku ileile, hata kama unatetemeka. Watoto wale wa kwanza walikufa kwa mikono yako, na hilo huwezi kulirudisha. Lakini ungenyamaza, wangekufa na uongo juu yao, na mama zao wangefuata. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Basi menya. Hivyo unavyokata unatutia machozi bure."

Kadija aligeuza kitunguu, akaanza upya.